Taka za nyuklia zikiyeyushwa, kila elementi hushika njia yake: utatuzi wa matatizo ya tanuri la kioo

Wengi wakisikia kwamba taka za nyuklia huyeyushwa kabla ya kuhifadhiwa, hudhani moto ndio unaoziteketeza. Moto hauna uwezo huo. Atomu ya sesiamu-137 iliyoingia tanurini itatoka ikiwa sesiamu-137 ileile, na nusumaisha yake ya miaka 30, yaani muda wa nusu ya atomu zake kuoza, haitapungua hata kwa sekunde moja. Kazi ya tanuri ni nyingine: kuifungia atomu hiyo ndani ya kioo kigumu ili maji ya ardhini yasiibebe. Matatizo huanzia hapo, kwa kuwa elementi hazikubali kufungiwa kwa namna moja. Zipo zinazoruka na moshi, zipo zinazozama, zipo zinazojitenga na kuelea juu, na zipo zinazotulia ndani ya kioo kama zilivyokusudiwa.

Nimeandika mwongozo huu kwa wanafunzi wa kemia na uhandisi, na kwa kila anayetaka kuelewa kwa nini mitambo hii, iliyojengwa kwa mabilioni ya fedha, huweza kukwama kwa sababu ya gramu chache za elementi moja. Ombi langu kwa msomaji ni moja. Kila dalili inapojitokeza, usianze na pampu wala kipimajoto. Anza na swali hili: ni elementi ipi imehama, na imehamia wapi?

Kwanza, tanuri likiwa zima

Huwezi kutambua ugonjwa usipojua afya. Marekani na Japani hutumia zaidi tanuri la matofali ya kuhimili moto ambalo umeme hupita ndani ya kioo chenyewe, kutoka elektrodi moja hadi nyingine. Kioo kikishayeyuka hupitisha umeme, na ukinzani wake ndio unaokipasha joto hadi kama nyuzi 1,150 za Selsiasi. Ufaransa, kwenye kiwanda cha La Hague, wana njia yao: taka hukaushwa kwanza ndani ya bomba linalozunguka, kisha unga wake huangukia kwenye chungu cha metali kinachopashwa joto na koili za umeme kutoka nje, kwa nyuzi kama 1,100.

Kioo chenyewe ni cha silika na boroni, jamaa wa karibu wa bakuli za kioo zinazoingia kwenye oveni bila kupasuka. Katika tanuri la umeme, taka huingia kutoka juu zikiwa tope laini kama uji, zikiwa zimechanganywa na unga wa kioo au madini ya kutengenezea kioo. Uji huo hautumbukii mara moja. Huelea juu ya kioo kilichoyeyuka na kufanya gamba: upande wa juu maji yanachemka, katikati chumvi zinavunjika na kutoa gesi, upande wa chini kioo kipya kinazaliwa na kuchuruzika. Shika sana habari za gamba hili. Ndilo kifuniko cha chungu. Kinachojaribu kuruka kutoka kwenye kioo cha moto hukutana na gamba lenye ubaridi, huganda humo, na kurudishwa chini.

Kioo kikiiva humiminwa kwenye mtungi wa chuma kisichoshika kutu. Mtungi wa kiwanda cha Savannah River, jimbo la South Carolina nchini Marekani, una kimo cha mita 3 na upana wa sentimeta 60. Wa La Hague ni mfupi zaidi na hubeba kilo 400 za kioo. Yote haya hufanyika nyuma ya kuta nene za zege, kwa mikono ya mitambo, na fundi huangalia kupitia dirisha nene la kioo chenye madini ya risasi. Kwa hiyo hakuna kuchungulia chunguni: utambuzi wote hutegemea vipimo, na ndiyo maana maana ya kila dalili lazima ijulikane mapema.

Dalili: sesiamu iliyoingia ni nyingi kuliko iliyomo kwenye kioo

Hii ndiyo dalili ya kawaida kuliko zote. Umepima uji, umepima kioo, na hesabu haifungi. Wakati huohuo maji ya mtambo wa kuoshea moshi yanaonyesha mionzi inayopanda.

Kabla ya kuilaumu sesiamu kwa kuruka, fanya jaribio dogo ambalo wengi hulisahau. Chukua sampuli ya maji ya kuoshea moshi, kisha tafuta humo elementi zisizoweza kugeuka mvuke kwenye joto hili: stronti, urani, chuma. Ukizikuta kwa uwiano uleule zilionao kwenye uji, basi hakuna kilichogeuka mvuke. Moshi umebeba matone na vumbi la uji wenyewe, kama upepo unavyobeba unga mashine ya kusaga ikiwa wazi. Dawa yake ni ya kimakanika: punguza kasi ya kulisha, angalia bomba la kudondoshea uji, punguza hewa inayovutwa kutoka tanurini. Ukikuta sesiamu imezidi sana na stronti ni kidogo, hapo ndipo useme sesiamu imeruka kweli.

Kwa nini inaruka? Sesiamu ni ndugu wa sodiamu na potasi, lakini atomu yake ni kubwa na imeshikwa kwa ulegevu. Ikiwa metali tupu huchemka kwenye nyuzi 671 tu. Ndani ya kioo inashikiliwa na oksijeni na silika, hivyo haichemki hovyo, lakini ikimpata mwenzi wa kusafiri naye huondoka. Mwenzi mbaya kuliko wote ni klorini. Kloridi ya sesiamu hugeuka mvuke kwa urahisi mkubwa kuliko oksidi iliyokwisha kufungwa kwenye kioo. Boroni nayo, ambayo tumeiweka wenyewe ili kioo kiyeyuke vizuri, huungana na sesiamu na kuunda mvuke wa borati. Maji husaidia pia, kwa sababu huifanya sesiamu iwe haidroksidi.

Basi fuata mpangilio huu. Tazama kiasi cha klorini kwenye mlisho, yaani kile kinachoingizwa tanurini. Kwenye matanuri yanayopokea taka mchanganyiko, kama lile la plazma la Würenlingen nchini Uswisi ambalo huyeyusha mapipa yenye nguo, plastiki na vyuma, plastiki ya PVC ni chanzo kizuri cha klorini hiyo. Kisha angalia gamba. Kama joto la nafasi iliyo juu ya kioo limepanda ghafla, gamba limetoboka au limeyeyuka lote, na chungu kimebaki bila kifuniko. Hili hutokea mlisho ukikatizwa huku umeme ukiendelea. Mafundi wasio na uzoefu huacha tanuri "lipumzike" kwenye joto lote wakati wanatengeneza pampu, na katika saa hizo sesiamu hutoka mfululizo. Ukikatiza mlisho, shusha joto pia.

Tatu, hewa ya kukorogea. Savannah River waliweka mabomba ya kupuliza gesi ndani ya kioo mwaka 2010 ili kazi iende haraka, na kweli uzalishaji uliongezeka sana. Lakini mapovu yale hupasua gamba yanapotokea juu. Kasi ina bei yake, na bei hiyo hulipwa kwenye mfumo wa moshi. Kwa maoni yangu hakuna kosa kulipa bei hiyo, mradi mtambo wa kuosha moshi umejengwa kwa kuijua tangu mwanzo na maji yake yanarudishwa tanurini.

Dalili: teknetiamu haionekani kabisa

Hapa nitakaa zaidi, kwa kuwa teknetiamu-99 ndiyo inayowanyima usingizi watu wa taka. Ndiyo elementi ya kwanza kuundwa na binadamu, mwaka 1937, na jina lake kwa Kigiriki lina maana ya kitu kilichotengenezwa. Jamaa yake teknetiamu-99m, yenye nusumaisha ya saa sita tu, hutumika hospitalini kupiga picha za mifupa na moyo. Teknetiamu-99 yenyewe ina nusumaisha ya miaka kama 211,000. Ikifika kwenye maji ya ardhini ikiwa imeshiba oksijeni, husafiri nayo bila kushikwa na udongo. Kwa hiyo kila gramu inayokosa kuingia kwenye kioo ina uzito.

Mahali pa kuitazama ni Hanford, jimbo la Washington. Huko Marekani ilitengeneza plutoniamu ya mabomu kuanzia miaka ya 1940, na ikaachwa na matangi 177 ya chini ya ardhi yenye lita zaidi ya milioni 200 za taka. Hanford si mbali nasi kama ramani inavyodai: sehemu kubwa ya urani ya mradi ule wa kwanza ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, na wachimbaji ambao wajukuu wao wanazungumza Kiswahili hadi leo. Kiwanda cha kioo cha Hanford kilianza kugeuza taka halisi kuwa kioo Oktoba 2025. Kina matanuri mawili, kila moja la tani kama 300, kwa ajili ya sehemu ya taka yenye mionzi midogo. Sesiamu ya sehemu hiyo huondolewa kwanza, kando ya matangi. Teknetiamu haiondolewi, hivyo huingia tanurini na uji.

Na haitulii. Teknetiamu iliyoshiba oksijeni hufanya chumvi na sodiamu, potasi na sesiamu, na chumvi hizo huyeyuka mapema ndani ya gamba, kabla kioo hakijawa tayari kuzipokea. Huwa kama mgeni aliyefika nyumbani mlango haujafunguliwa: anaondoka. Katika majaribio ya matanuri madogo, kiasi kinachobaki kwenye kioo kwa mpito mmoja kimebadilika sana, kutoka karibu thuluthi moja hadi zaidi ya nusu, kutegemea mapishi ya mlisho. Majaribio mengi hutumia reniamu badala ya teknetiamu kwa kuwa kemia zao zinafanana na reniamu haina hatari. Mfanano huo si kamili, kwani reniamu ni ngumu zaidi kunyang'anywa oksijeni, kwa hiyo namba za reniamu zisomwe kwa tahadhari.

Ukiona teknetiamu imepotea, kagua kwanza sukari. Ndiyo, sukari ya kawaida. Huongezwa kwenye uji ili kaboni yake ile oksijeni ya naitreti. Ikipungua, teknetiamu hubaki imeshiba oksijeni na huruka. Ikizidi, teknetiamu hupungukiwa oksijeni na kutulia kama oksidi nzito, jambo jema, lakini kioo nacho huharibika kwa sababu nitakazoeleza kwenye povu. Kagua pili naitreti na salfeti kwenye mlisho, kwani zikiyeyuka pamoja hufanya dimbwi la chumvi ndani ya gamba, na teknetiamu hupenda dimbwi hilo kuliko kioo. Halafu angalia gamba, kama kwa sesiamu.

Suluhisho la Hanford ni kuyarudisha maji ya kuoshea moshi: hukusanywa, hukaushwa hadi yawe mazito, kisha huingizwa tena kwenye mlisho, ili kinachokosa kufungwa leo kijaribiwe kesho. Njia hii hufanya kazi, ila ina mtego ambao lazima utajwe. Maji hayo hayarudishi teknetiamu peke yake. Hurudisha pia kloridi, floridi na salfeti, ambazo nazo ziliruka. Mzunguko ukienda bila tundu la kutolea, chumvi hizo hujilimbikiza, na chumvi zikijilimbikiza teknetiamu huruka zaidi. Kwa hiyo kama hesabu ya teknetiamu ilikuwa nzuri mwezi wa kwanza na inaharibika taratibu miezi inayofuata, usiguse tanuri. Pima kloridi na salfeti kwenye maji yanayorudi.

Dalili: ngozi nyeusi ndani ya bomba la moshi

Bomba linaziba kidogokidogo, shinikizo la tanuri linapanda, na vipimo vya mionzi nje ya bomba vinaonyesha doa kali mahali ambapo moshi unapoa. Mtuhumiwa ni rutheniamu.

Rutheniamu ikiwa oksidi ya kawaida ni nzito na haina shida ya kuruka. Ila mbele ya asidi ya naitriki yenye moto hushiba oksijeni kupita kiasi na kuwa tetroksidi, ambayo hugeuka gesi kwenye joto dogo la kushangaza. Gesi hiyo husafiri hadi kwenye chuma baridi, huvunjika, na kuacha oksidi nyeusi iliyong'ang'ania kama masizi. Ndiyo maana doa hukaa kwenye bomba na si kwenye chujio. La Hague huongeza sukari kwenye bomba la kukaushia taka hasa kwa ajili ya hili. Kwa hiyo angalia asidi na sukari, na joto la ukaushaji.

Tabia yake ya kujitenga na wenzake ilionekana Ulaya vuli ya mwaka 2017, vituo vya kupima hewa vilipokuta rutheniamu-106 ikiwa karibu peke yake, bila sesiamu. Ajali ya mtambo wa umeme ingetoa elementi nyingi kwa pamoja, hivyo wachunguzi wakajua wanatazama kazi ya kemia ya taka au ya mafuta ya nyuklia yaliyotumika, yaani fueli ya urani iliyotoka kwenye kinu. Walielekeza kidole kusini mwa milima ya Urali, na Urusi ikakana.

Dalili: mkondo wa umeme unapanda chini, kioo hakitoki

Umeme unasoma ampea nyingi kwa volti zilezile, lakini kioo cha juu kinapoa. Ukifungua tundu la chini, kioo kinatoka kama uzi, kinayumba, kisha kinakatika.

Kila anayepika wali anaujua ukoko. Huu ni ukoko wa rutheniamu, rodiamu na paladi. Zote tatu huzaliwa ndani ya mafuta ya nyuklia, kilo kadhaa kwa kila tani ya mafuta yaliyotumika, na hazikubali kuyeyuka kwenye kioo. Rutheniamu hufanya sindano nyembamba za oksidi. Paladi na rodiamu hufanya matone ya metali. Zote ni nzito mara mbili na zaidi kuliko kioo, kwa hiyo huzama. Zikifika chini hufanya tope linalopitisha umeme vizuri kuliko kioo. Umeme, kama maji, hupenda njia nyepesi: huacha kioo na kupita kwenye tope. Chini panachemka kupita kiasi, juu panapoa, elektrodi zinaliwa. Tena tope lenyewe ni zito kama asali ya baridi, na huziba tundu.

Rokkasho, kaskazini mwa Japani, walilipia somo hili kwa miaka. Majaribio ya kioo kwa taka halisi yalianza Novemba 2007, na metali hizi zikajikusanya chini. Mwaka 2008 kioo kilishindwa kutiririka. Katika kuhangaika kulikoroga, fimbo ya kukorogea ilipinda na tofali la dari likaanguka ndani ya tanuri. Majaribio hayakukamilika hadi 2013. Hawakuwa wazembe. Jaribio lao la awali kwa taka za kuigiza lilikwenda vizuri, na taka halisi zikaja na tabia yake.

Utambuzi: linganisha ukinzani wa umeme wa juu na wa chini kila siku, na uchore grafu. Ukinzani wa chini ukishuka taratibu wiki baada ya wiki huku joto likiwa lilelile, ukoko umeanza, hata kama kioo bado kinatoka vizuri. Hapo ndipo pa kuchukua hatua. Ukisubiri hadi tundu lizibe, umechelewa.

Hatua zenyewe ni hizi. Weka chini ya tanuri pawe na ubaridi kiasi wakati wa kulisha, ili kioo cha chini kiwe kizito na metali zisizame upesi. Pasha joto chini wakati wa kumimina tu. Baada ya mitungi kadhaa, lisha kioo kitupu kisicho na taka ili kisombe kilichobaki. Punguza kiasi cha taka kwenye kioo. Na kama tanuri bado liko kwenye karatasi, mhandisi apewe sharti la sakafu yenye mteremko mkali kuelekea tundu. Sakafu tambarare kwenye tanuri litakalopokea taka za mafuta yaliyosindikwa ni kosa ambalo hakuna ufundi wa baadaye utakaolifuta. Chungu cha Kifaransa hukabili tatizo hili kwa kukorogwa na kupulizwa hewa, na kwa kuwa ni kidogo hubadilishwa kikichakaa.

Dalili: tabaka la manjano juu ya kioo

Unaliona kwenye sampuli au kwenye mtungi uliokatwa: kitu cha manjano kama ute wa yai, kimetengana na kioo cheusi. Kigusishe maji na kinayeyuka. Hilo la mwisho ndilo linalopaswa kumtisha mtu.

Tabaka hilo ni chumvi ya salfeti, molibdati na kromati. Rangi inatokana na kromiamu. Kioo cha boroni na silika hupokea salfeti kiasi cha asilimia 1 hivi tu kwa uzito, na molibdeni kwa uchache uleule. Inayozidi hujitenga kama mafuta kwenye mchuzi. Ingekuwa chumvi tupu tusingejali sana, lakini sesiamu na stronti huhamia humo, na teknetiamu pia. Kwa hiyo elementi tulizozijengea kioo zinakaa kwenye chumvi inayoyeyuka kwa maji. Aidha, chumvi hiyo hula elektrodi na mabomba ya kupulizia kwa ukali.

Ukilikuta, pima salfa kwenye mlisho wa siku tano zilizopita. Lawama nyingi huwa ni pipa au tangi moja lililokuwa na salfeti nyingi na halikuchanganywa vizuri. Punguza taka kwenye mapishi, ongeza kalsiamu, koroga zaidi, na usimimine hadi tabaka limezwe. Kwa taka zenye molibdeni nyingi mno, La Hague waliweka mwaka 2010 chungu baridi: kuta zake hupozwa kwa maji, kioo cha pembeni huganda na kuwa chungu chenyewe, na katikati joto hupanda kuliko metali ya kawaida ingevumilia. Kioo cha moto zaidi humeza molibdeni zaidi. Lakini rudi kwa sesiamu utaona kinachofuata: moto zaidi, mvuke zaidi.

Dalili: povu

Gamba linavimba, joto la juu linashuka, mlisho haupokelewi. Sababu ni oksijeni. Manganizi, seriamu na chuma vilivyoshiba oksijeni huiachia kioo kinapopata moto, na gesi hukwama chini ya gamba. Dawa ni kuinyang'anya oksijeni hiyo mapema, kwa sukari au asidi za kaboni kama asidi ya fomiki waliyoitumia Savannah River kwa miaka mingi.

Kipimo chao ni chuma: kati ya chuma chote kilichomo kwenye kioo, sehemu iliyopungukiwa oksijeni iwe kati ya 0.09 na 0.33. Chini ya hapo, povu, na teknetiamu na rutheniamu huruka. Juu ya hapo, nikeli na metali nyingine hurudi kuwa metali tupu na kuzama, na umekwisha kujua ukoko hufanya nini. Mpaka huo ni mwembamba. Naamini ndiyo namba moja ambayo kila mwendeshaji wa tanuri angepaswa kuijua kwa moyo, kwa kuwa inagusa karibu kila dalili iliyo kwenye mwongozo huu.

Dalili: iodini, tritiamu na kaboni-14 hazimo kwenye kioo

Hazitakiwi kuwemo, na usipoteze siku kuzitafuta. Tritiamu huondoka na mvuke wa maji, kaboni-14 huondoka kama kaboni dioksidi. Iodini-129, yenye nusumaisha ya miaka zaidi ya milioni 15, huruka karibu yote, na kwenye viwanda vya kusindika mafuta nyingi yake hutoka mapema mafuta yanapoyeyushwa kwenye asidi. Itafute kwenye chujio za fedha au za makaa, na uhakikishe chujio hizo hazijajaa.

Urani, plutoniamu na amerisiamu ni kinyume chake: hutulia kwenye kioo. Ukizikuta kwenye moshi, ni vumbi.

Dalili: kinachoyeyushwa ni chuma, na mionzi imeonekana mahali pasipotarajiwa

Vyuma vya mitambo ya nyuklia iliyobomolewa navyo huyeyushwa, Sweden na Ujerumani kwa mfano, ili visafishwe na kupunguzwa ukubwa. Sheria ya mgawanyo ni ileile lakini milango imebadilika. Sesiamu huruka na kukaa kwenye vumbi la mifuko ya kuchujia. Urani, plutoniamu na amerisiamu huhamia kwenye mavi ya chuma, yaani uchafu unaoelea juu ya chuma kilichoyeyuka. Kobalti-60 hubaki ndani ya chuma chenyewe, kwa kuwa ni ndugu wa chuma na hakuna moto wa tanuri utakaowatenganisha.

Ajali mbili zinaonyesha hili kwa uchungu. Mwisho wa mwaka 1983, Ciudad Juárez nchini Meksiko, mashine ya hospitali ya kutibu saratani iliuzwa kama skrepa, na punje zake za kobalti zikayeyushwa kuwa nondo na miguu ya meza. Iligundulika Januari 1984 lori la nondo lilipopita karibu na kipima mionzi cha maabara ya Los Alamos. Mei 1998 chanzo cha sesiamu-137 kiliyeyushwa kwa bahati mbaya kwenye kiwanda cha Acerinox, karibu na Algeciras, Hispania. Chuma kilichotoka kilikuwa safi. Sesiamu ilikuwa kwenye vumbi, na sehemu ndogo ilipita chujio ikaonekana hewani Ufaransa, Uswisi, Italia na Ujerumani.

Kwetu Afrika Mashariki hatuna tanuri la taka za nyuklia, ila viwanda vinavyoyeyusha skrepa kuwa nondo tunavyo, na skrepa haina cheti cha kuzaliwa. Mwenye kiwanda anayepima nondo tu atainasa kobalti na kuikosa sesiamu. Pima lori la skrepa getini, pima sampuli ya kila myeyusho, pima mavi ya chuma, na pima vumbi. Kipimo kikilia kwenye vumbi, simamisha tanuri lakini acha mfumo wa kuvuta moshi uendelee, usitikise wala kumwaga mifuko, zuia malori yaliyobeba vumbi la siku zilizotangulia, waondoe watu eneo hilo, na uwaite Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, au kwa Kenya Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia, kabla ya mtu yeyote kushika ufagio.